Tusilaumu lafudhi kabla ya kuitazama "sawa"

Mhariri,

Kila inapotokea hitilafu ya mawasiliano kati ya rubani na mwongoza ndege, waandishi, wa gazeti lako wakiwemo, hukimbilia kusema kwamba mmoja wao hakukijua Kiingereza vizuri. Sikatai kwamba lugha ina uzito wake, ndiyo maana ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ikaweka mizani ya ngazi 6 za ujuzi wa lugha na kumtaka rubani wa safari za kimataifa afikie angalau ya 4. Lakini ajali mbili zinanifanya nione kwamba tunamshtaki asiyehusika.

Machi 27, 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, Boeing 747 mbili, ya shirika la KLM na ya shirika la Pan Am, zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, na ukungu ulikuwa mzito hata mnara haukuziona. Rubani msaidizi wa KLM alitamka maneno ambayo mwongoza ndege aliyaelewa kuwa ndege imesimama tayari mahali pa kurukia, kumbe ilikwisha kuanza kukimbia. Mwongoza ndege akajibu "OK", neno lililo ndugu wa "sawa" yetu, akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba wasubiri hadi awaite. Papo hapo Pan Am nao wakasema kuwa bado wamo kwenye njia hiyo ya kurukia, na kwa kuwa redio hizo hazipokei vyema sauti mbili kwa wakati mmoja, ndani ya KLM ukasikika mluzi. Kilichowafikia waziwazi ni ile "sawa". Walikufa watu 583.

Sisi tunaosema Kiswahili tunaifahamu "sawa": yaweza kuwa nimesikia, nimekubali, au nimechoka kubishana nawe. Baada ya Tenerife, neno la kuruka lilizuiwa redioni isipokuwa ruhusa yenyewe inapotolewa au kufutwa.

Februari 19, 1989, karibu na Kuala Lumpur, ndege ya mizigo ya Flying Tiger iliagizwa ishuke futi 2,400. Kwa Kiingereza tarakimu ya mbili ("two") na neno la "hadi" ("to") hutamkwa vilevile, basi wao wakasikia hadi 400, wakamrudishia mwongoza ndege agizo hivyo, na hakuna aliyewasahihisha. Waligonga kilima, wakafa wote wanne. Hilo lilikuwa shirika la Marekani, ambako Kiingereza hakifundishwi kama lugha ya kigeni.

Ombi langu kwa vyuo vyetu vya Nairobi, Soroti na Dar es Salaam ni kwamba katika mazoezi mkufunzi ajifanye rubani, arudie agizo alilopewa akilikosea kwa makusudi, na mwanafunzi wa uongozaji ndege atakayeliachia lipite ahesabiwe ameshindwa, hata kama Kiingereza chake hakina doa. Nawe, Mhariri, kabla ya kuandika habari za lafudhi ya mtu, waulize wachunguzi kama rubani alilirudia agizo, na kama aliyelitoa aliyasikiliza marudio hayo.

Msomaji wako,
Dar es Salaam