Barua kwa mwanangu: hiyo pesa isilale kwenye simu yako

Makete, Jumapili jioni, mwezi wa sita

Mwanangu,

Salamu zitafuata. Leo baada ya ibada tulikuwa tumesimama nje tukiota jua, unajua baridi ya mwezi huu, mzee wa kanisa akanishika mkono akasema, "Mwalimu, hongera, kijana wako ameshika hazina." Nikacheka kama mtu mwenye habari. Sikuwa na habari yoyote. Nimejua pale pale, mbele za watu, kwamba ninyi wazaliwa wa huku mlioko Dar mmeanzisha mchango wa bweni la wasichana la sekondari yetu ya kata, kwamba mhazini ni wewe, na kwamba michango inatumwa kwenye namba yako ya simu. Ile ile unayopokelea pesa ya mzigo wa dukani.

Mzee akaongeza kwamba kuna pendekezo bweni lipewe jina langu. Hilo lifuteni kwenye muhtasari. Nitakuja kulisema huko mbele nikipata nguvu.

Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu unasema "sawa mama, sawa mama" huku nasikia unapatana bei na mteja. Karatasi haikatiki katikati. Nimeiweka kwenye kiroba cha maharage, na binamu yako atakayeshuka na basi la Jumanne nimemwambia akukabidhi kiroba mkononi, asikiache stendi.

Mwanangu, pesa ya watu isilale kwenye simu yako. Hata usiku mmoja. Najua utasema mnaaminiana. Mimi sisemi habari ya kuaminiana. Kisajilini kikundi kwa maofisa wa maendeleo ya jamii, muwe na katiba hata ya kurasa tatu, mwandike muhtasari wa kikao, kisha mfungue akaunti ya benki yenye watia saini watatu, na pesa isitoke bila saini mbili. Kila Jumamosi jioni weka orodha kwenye kundi lenu: jina, kiasi, tarehe. Wa laki mbili aandikwe na wa elfu mbili aandikwe. Huyo wa elfu mbili ndiye atakayekuuliza mwaka wa tano, na atakuwa na haki.

Neno lenu la Kariakoo ninalijua: kuzungusha. Pesa imekaa tu, kikao cha kununua saruji ni mwezi ujao, mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita leo, basi unaizungusha kidogo, mzigo ukiuzika unairudisha, na nani ameumia? Usinijibu. Ninakufahamu kabla hujajua kufunga vifungo vya shati.

Na usidhani ninakuona mwizi. Hujawahi kuiba, hata matunda ya padri ulipokuwa mdogo uliyaomba. Ninachoogopa si wizi.

Nilipoanza kazi mwaka 1976 nilikuwa na miaka 18. Azimio la Musoma la 1974 lilikuwa limesema watoto wote waingie darasani, walimu hawakutosha, wakatuchukua sisi tuliotoka darasa la saba juzi. Tulijifunza ualimu huku tunafundisha. Walimu wa UPE, yaani wa mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, watu wakitucheka, na wewe na dada zako mlitaniana kwa jina hilo mezani mkidhani sisikii. Asubuhi nilikuwa na darasa la kwanza, jioni nilikuwa na watu wazima, wengine wamenizidi umri mara tatu. Kulikuwa na bibi mmoja ambaye hakujali kabisa herufi. Aliniambia waziwazi: nifundishe namba tu, nataka kusoma mizani ya pareto mwenyewe. Alikuwa amepeleka maua yake miaka mingi, akiambiwa kilo zake na mtu mwingine. Wiki ya tatu alisimama mbele ya mizani, akasoma, akataja kilo kwa sauti, na foleni yote ikanyamaza. Sijui walikuwa wakimwibia au la. Nadhani hata yeye hakuwa anajua, na ndicho kilichokuwa kinamkosesha usingizi. Orodha ya Jumamosi ninayokuambia ni kwa ajili ya watu kama yule bibi, ambao sasa wana simu na wanakutumia elfu mbili.

Habari za wale watoto tuliokaa nao sikusimulii, ulilala nao kitanda kimoja na ukagombania nao blanketi. Ule utafiti wa 2011 na 2012 ulipotangaza kwamba mkoa wetu wa Njombe una maambukizi ya virusi vya UKIMWI ya asilimia 14.8, kuliko mkoa wowote nchini, watu wa mjini walishtuka. Mimi nilikuwa na daftari la mahudhurio. Safu ya jina la mzazi nilikuwa nimeifuta na kuandika upya mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka: baba, halafu mama, halafu bibi, halafu jina langu mwenyewe. Watu wakija na kamera wananiita mama wa yatima, na mimi nawaambia nilikuwa na sufuria kubwa, basi. Wewe ulikosa viatu vipya Krismasi tatu mfululizo na hujawahi kunilaumu, au labda ulinilaumu na baba yako, Mungu amlaze pema, akakunyamazisha.

Lile godoro la bluu ulilokwenda nalo kidato cha kwanza, Malangali, unalikumbuka? Na sanduku la bati, na mashuka mawili. Januari 1997. Hukuniuliza vilitoka wapi, mtoto wa miaka kumi na minne haulizi. Mshahara ulikuwa haujaonekana tangu Novemba. Chini ya kitanda changu palikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani yake pesa ya bati za madarasa mawili mapya, kwa sababu mhazini wa kamati ya shule nilikuwa mimi. Nilijiambia mwezi wa pili narudisha. Mwezi wa pili nikarudisha robo. Yule ng'ombe mwekundu mliyeambiwa ameuzwa kwa sababu ya ugonjwa hakuwa na ugonjwa wowote. Kopo lilitimia mwezi wa kumi na moja, na mvua ilikuwa imetangulia. Huku kwetu mpaka leo kila mtu husema madarasa yale yaliangushwa na El Niño, na si uongo, mvua ya mwaka ule ilikuwa mvua. Ila zilikuwa kuta za tofali mbichi, wazi juu, na bati zingekuwa zimepanda tangu mwezi wa saba. Watoto wakasomea kanisani mpaka mwaka mwingine, darasa la pili na la tatu chumba kimoja, wakipeana mgongo. Daftari langu lilikaguliwa likakutwa safi, shilingi haikupungua. Nilipigiwa makofi.

Basi. Mnaandika "Bweni la Wasichana" juu ya mlango, inatosha.

Turudi kwenye kazi yenyewe. Watakuuliza huko mjini, shule si bure siku hizi? Waambie ada ilifutwa hadi kidato cha nne tangu 2016, na ni jambo jema, nilitoa machozi ya furaha siku ile. Lakini ada haikuwa inatembea kilomita tisa na ukungu asubuhi. Wasichana wanaotoka vitongoji vya bondeni wanapanga vyumba hapa karibu na shule, mageto wanayaita, wawili watatu bila mtu mzima, wanapika wenyewe, na madereva wa bodaboda wanajua milango yote. Mwaka jana wawili waliacha shule kwa sababu usiyohitaji kuandikiwa. Boma limefika kwenye lenta kwa nguvu za wananchi, akina mama tumebeba maji na mchanga, na limesimama hivyo muda mrefu mno. Kinachohitajika ni kufunga lenta, kupandisha na kuezeka. Msianze kuzungumzia vigae na rangi. Na kabla hamjanunua mbao huko, ulizeni bei ya huku, tunakaa katikati ya mipaini halafu mtu anatuletea mbao kutoka Dar, itakuwa kichekesho.

Mwaka 2018 kiinua mgongo changu kilipotoka ulitaka ninunue kiwanja Uyole, Mbeya, nijenge vyumba vya kupangisha. Nikatengeneza madawati arobaini, na zile ekari mbili za juu nikawapa shule. Ulikaa miezi minne hunipigii. Uliniambia, nakumbuka maneno yako, "Mama, wewe ni mzazi wa kila mtu." Niliumia, nikanyamaza, kwa sababu ulikuwa na sehemu ya haki na sikutaka kukupa yote. Sasa bweni linasimama kwenye ekari zile zile na mchangishaji ni wewe. Nilipokuwa nacheka pale kanisani leo, nusu ya kicheko ilikuwa ya kweli. Hongera, baba. Lakini ungeniambia mwenyewe.

Na ukishapokea, usiwe mtu wa kuudhika mtu akitaka kuona hesabu. Hiyo ndiyo shida ya watu wema, wakiulizwa wanaona wametukanwa. Mimi pia ninayo. Mkeo ajue kiasi kilichopo kila wiki, ila asiguse, na ndugu yangu yeyote akikupigia kwamba ana shida ya mazishi, mpe ya kwako. Nikiwa mimi, mpe ya kwako. Narudia kwa sababu usiku sitalala: leo hii kabla hujafunga duka, hesabu kilichomo kwenye hiyo simu, andika mahali, mpigie mwenyekiti wenu umtajie. Kesho mwende benki.

Mambo ya nyumbani ni haya. Mipaini yako ya kule mlimani inataka kupogolewa na barabara ya moto haijafyekwa tangu uondoke. Nyasi zimeshaanza kukauka, na mwezi wa nane watu wanachoma ovyo. Tuma pesa ya vibarua watatu, na itume kwa jina lako, niandike ya nani. Mbuzi amezaa mapacha. Mkwe mwambie kitenge kimenifika ila ni kifupi, nitamshonea mtoto. Presha yangu si mbaya, dawa nilichukua hospitali ya Ikonda mwezi uliopita, foleni ndefu lakini nilikuta mwanafunzi wangu ndiye muuguzi, akanipa kiti. Bati la jikoni linavuja upande wa mafiga, usihangaike nalo, bweni kwanza. Shangazi yako anaulizia lini utakuja kumwona, nimemwambia Desemba, usinifanye mwongo.

Maharage ni debe moja, wagawie na majirani. Na magunia, mwanangu: nimehesabu, tangu mwaka juzi yako manne kwako, mawili ya viazi, moja la mahindi na moja la mkaa, bila hicho kiroba. Yarudishe na basi hilo hilo.

Mama yako