Rudisheni picha za watu: barua ya wazi kwa vijana wa kamera

Wanangu wa kamera, wa hapa Tanga na wa popote mlipo,

Shikamoo zenu nazipokea kila siku nikipita mjini, marahaba sana. Najua barua ndefu hamzipendi, mngetaka niseme kwenye video ya nusu dakika, ila mie nikiangaliwa na lenzi nasahau mpaka jina la mama yangu, miaka yote hii nimekaa upande wa nyuma wa kamera, basi niacheni niandike tu na nyie msome polepole mkiwa mnachaji betri.

Nilichokiona Jumamosi ya juzi ndo kimenitoa usingizini. Nimekaa zangu kwenye baraza la kinyozi pale Ngamiani, akapita mmoja wenu, simtaji, mwenyewe atajijua, kamera nzuri shingoni, akamkuta bibi muuza vitumbua ameinama anageuza, akampiga nne tano harakaharaka, bibi akashtuka akacheka, akajifunga mtandio vizuri akakaa sawa akapigwa nyingine, halafu akauliza, utaniletea mwanangu? Kijana akajibu nitakuletea bibi, ila miguu ilikuwa imeshaondoka kabla ya maneno. Nikasogea nikanunua vitumbua vyangu vitatu nikamuuliza, hivi huwa wanakuletea kweli? Akaanza kuhesabu kwa vidole. Tangu mwaka juzi ameshapigwa na watu saba. Hana hata moja. Akaniambia, "naambiwa nipo kwenye masimu ya watu huko, mimi mwenyewe sina."

Sikumjibu kitu, nilitafuna tu.

Sasa niwaambie mie nilivyoanza, mtaona kwa nini neno la yule bibi limeniuma. 1979 nina miaka kumi na tano, darasa la saba nimefeli, baba kanipeleka kwa fundi mmoja aliyekuwa na studio ya chumba na nusu. Ile nusu ndo ilikuwa chumba cha giza. Mbele kuna pazia limechorwa ndege ya abiria na ngazi, ukisimama vizuri unaonekana unapanda unaenda Ulaya, watu walikuwa wanatoka mpaka mashamba ya mkonge siku ya mshahara waje wapande ile ndege. Fundi hakumdai baba hata senti. Alinipa sharti moja tu, kila Ijumaa watu wakishatoka msikitini nachukua bahasha zote za wiki nazipeleka majumbani kwa mguu, na nikirudi nimwambie kila mmoja alifanyaje alipoiona picha yake.

Miezi sita sikugusa kamera. Bahasha tu. Barabara za Ngamiani nikazijua zote kwa namba na kwa milango, nani ana mbwa, nani anakaribisha chai, nani anasema njoo kesho. Na nikirudi fundi yuko na karatasi yake, haya, mama fulani kafanyaje? Kacheka. Kacheka vipi? Kaiweka wapi? Kamwita nani aje aone? Nilikuwa naona mzee ananisumbua, kumbe ananifundisha kuangalia, maana ile sura mtu anayoitoa akiipokea picha yake mlangoni, studio hakuitoa kabisa, studio alikuwa amekaza shingo kama anapimwa pasipoti. Nikaanza kutamani kuipiga sura ile ya mlangoni. Mpaka leo nikiombwa niseme kazi yangu ni nini hasa, ni kuitafuta hiyo.

Siku moja nikarudi na habari mbaya. Ilikuwa harusi, filamu ya rangi, wakati ule mambo ya rangi bado ya kifahari, bwana harusi kaishika picha kaigeuza huku na huku akasema, huyu bibi harusi namuona, mimi niko wapi? Na kweli, shela linawaka, yeye meno na kola tu. Fundi hakukasirika. Akanieleza kitu ambacho siku hizi mnakisoma kirahisi ila yeye alikijua kwa kuumia, kwamba rangi za Kodak kule maabara zinakochapwa picha zilikuwa zinapimwa kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa kizungu, wakiiita kadi ya Shirley, ngozi yetu haikuwa kwenye hesabu. Tukawaita maharusi tena bure. Akawasogeza ukingoni mwa baraza wasipigwe na jua moja kwa moja, mie nikashika shuka jeupe chini kidogo ya vifua vyao lirudishe mwanga usoni, akafungua lenzi stopu moja zaidi ya alivyozoea, yaani mwanga uingie mara mbili. Nikaipeleka Ijumaa. Yule bwana alimwita mama yake kutoka uani. Hebu niambieni, bila kupeleka ile bahasha ya kwanza, hilo somo la shuka ningelipata wapi? Mpiga picha asiyerudisha picha hajui kama kazi yake mbovu, anahesabu mioyo ya Instagram, na mioyo hiyo wanatoa watu ambao hawamo kwenye picha.

Halafu wakaja miaka ile ya dhiki, 1981, 82, 83, hamna sabuni hamna sukari sembuse dawa za kusafishia picha. Ile dawa ya mwisho ya kushikisha picha isififie sisi tulikuwa tunaiita haipo, jina lake la kizungu ndo linasikika hivyo, sasa ukienda dukani unauliza haipo ipo? Unajibiwa haipo haipo. Tulicheka lakini kilio. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na studio ya mpinzani wetu, huyu na fundi wangu hawasalimiani kwa ajili ya mpira, fundi wangu Coastal damu na yule African Sports, wakifungana wiki nzima mtaa hauna amani. Basi siku tumekwama kabisa, picha za shule nzima ziko ndani hazijashikishwa, usiku mlango ukagongwa, mtoto wa yule mpinzani kaleta chupa ya bia imejaa haipo, katumwa aseme neno moja tu, "rudisheni chupa." Fundi aliirudisha na karatasi za kuchapia ndani ya gazeti. Mpira waliendelea kununiana mpaka 1988 Coastal walipochukua ubingwa, hapo ndo ikawa mbaya zaidi.

Nawaambia hili kwa sababu siku hizi nawasikia, mtu akiulizwa na mwenzake hii rangi umeitoaje anajibu siri ya kambi. Siri gani? Mwanga wa saa kumi na moja jioni ni wa Mungu, anaumwaga mpaka kwa asiye na kamera. Na wale wadogo mnaowabebesha stendi na mabetri kuanzia kichen pati, sendofu, mpaka harusi yenyewe usiku wa manane, mnawalipa sahani ya pilau na nauli ya bodaboda, halafu jina lake halionekani popote. Mpeni hela yake. Halafu mpeni kamera dakika kumi wakati watu wanakula, apige, mkifika nyumbani kaeni naye mzipitie moja moja mumuulize kwa nini ulisimama pale, kwa nini huyu umemkata miguu. Dakika kumi hazitawafilisi.

Mnampenda sana Mohamed Amin, nami nampenda, aliyeanza kushika kamera akiwa mtoto wa shule Dar, akaionyesha dunia njaa ya Ethiopia 1984, akapoteza mkono Addis Ababa 1991 na bado akarudi kazini, mpaka ndege ile iliyotekwa Novemba 1996 ikaanguka karibu na Komoro naye akiwemo. Hilo ni jabali. Ila wengi wenu vitani hamwendi, mtakaa hapa hapa na watu wenu, kwa hiyo mtazameni pia Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako kule Mali. Yule 1955 aliitwa na Mfaransa mmoja kupamba duka la picha, akabaki humo kama mwanafunzi akijifunza kwa kuangalia, baadaye akafungua studio yake mtaani. Usiku anazunguka kwenye dansi za vijana na flashi, akirudi hatulii, anasafisha usiku uleule, anazichapa ndogondogo anazipanga kwenye makaratasi nje ya studio ili vijana waje wajitafute, wachague, waondoke nazo. Kamera mbovu za watu akizitengeneza yeye. Watu wa Bamako walikuwa na picha zao majumbani kwao miaka mingi kabla maonyesho ya sanaa ya Venice kule Italia hayajampa tuzo ya Simba wa Dhahabu 2007, na alikuwa mpiga picha wa kwanza kupewa. Na hapo Unguja tu, mkivuka, Capital Art Studio ya mzee Ranchhod Oza tangu 1930, mwanawe akaipokea, nendeni mkaangalie zile picha ukutani, mtu alikaa na mji mmoja maisha yake yote.

Sasa nikiri na mimi. Msinione mwema. Simu zilipokuja, halafu vitambulisho mtu anapigwa picha hukohuko ofisini anapoandikishwa, biashara ya pasipoti saizi ikafa, na ndiyo ilikuwa inalipa kodi ya chumba. 2016 nikafunga. Kamera nikaiviringisha kwenye kanga nikaisukuma chini ya kitanda, miaka mitatu sikuigusa, mtu akiniita fundi nachukia. Nilikuwa nimeshajisemea picha zimekwisha.

Akaja mjukuu wa jirani, binti wa kidato cha pili wakati huo, na simu ina ufa katikati ya kioo. Babu, kwa nini picha zangu za jikoni zinatoka za njano? Nikaona leo sina pa kukimbilia. Nikamuonyesha mambo ya rangi ya mwanga, moto na balbu na jua havifanani, namna ya kuiambia simu ni mwanga gani. Akanionyesha zile picha zenyewe. Saa kumi alfajiri, mama yake anapika maandazi ya kuuza, taa hamna, mwanga wote unatoka chini kwenye kuni, unapanda mikononi, unafika kidevuni unaishia hapo. Nilinyamaza. Mimi miaka yote ile sikuwahi kupiga jikoni hata mara moja! Mkanda wa Yashica yangu ulikuwa na picha 12, nani apoteze moja kwa mama anayekanda unga? Mtu anakuja studio kavaa, kajipaka mafuta, hiyo ndo ilikuwa picha. Kitoto cha kidato cha pili kimekulia mlemle jikoni kikaona kitu ambacho mimi na ndege yangu ya pazia hatukukiona.

Wiki ile nikaitoa kamera chini ya kitanda. Tangu hapo ndo zile Jumamosi za kufundishana picha mnazozisikia, walianza wawili saivi wanafika tisa kumi, simtozi mtu, na asubuhi nikialikwa naingia majiko ya watu, nakaa pembeni kwenye kibao cha mbuzi kama mgeni. Naalikwa, sikilizeni hapo. Naalikwa kwa sababu picha ya kwanza niliyopiga jikoni niliipeleka kwa mguu ikiwa ndani ya bahasha, yule mama akamuonyesha shoga yake, na shoga yake akasema, na kwangu je.

Kuna na haya madogo, nayapitisha haraka. Mtoto wa mtu usimpige bila kumuuliza mzazi wake, na ile tabia ya kumtafuta mtoto anayelia kamasi zimemjaa halafu unaandika chini yake "maisha", acheni bana, ungekuwa mwanao ungempangusa kwanza. Sheria ya kulinda taarifa za watu ipo tangu 2022, ila hata isingekuwepo. Halafu memori kadi msizifute kabla hamjanakili sehemu mbili. Na andikeni majina. Fundi wangu aliandika jina na barabara juu ya kila bahasha ya negativu, ile filamu iliyosafishwa inayochapiwa picha, nami nikaendelea hivyohivyo, mwaka jana akaja mwanaume mtu mzima kanieleza jina la marehemu baba yake, tulitafuta siku mbili kwenye makopo ya maziwa ninamozihifadhi zisiliwe na unyevu, tukaipata ya 1986, baba kasimama kwenye ngazi ya ile ndege. Jamaa alifiwa akiwa na miaka miwili. Alikaa nayo barazani mpaka magharibi.

Kuchapa picha moja ya saizi ya kawaida hakufiki bei ya chipsi mayai, msinipe hiyo sababu.

Basi kijana wangu wa Jumamosi ile, nimemuuliza bibi anataka ipi. Hataki zile za mwanzo alizoinama, anataka ile ya mwisho aliyojifunga mtandio, na anaomba mbili, moja ampelekee mwanawe Muheza. Mimi niko palepale kwa kinyozi kuanzia saa moja. Yeye vitumbua huwa vinamuishia saa tatu, baada ya hapo humkuti, kwa hiyo wahi.