Mabaka ya usoni: kwa nini hatuanzi na leza

Haipiti wiki bila mama kuingia kliniki yetu hapa Ngamiani, Tanga, akafunua mtandio, akatuonyesha mashavu: "Mwanangu, nipige leza yaishe."

Tunamwelewa, lakini siku hiyo hatumpigi.

Mabaka ya kahawia mashavuni, kwenye paji na juu ya mdomo mara nyingi ni melasma. Huchochewa na ujauzito au vidonge vya uzazi wa mpango, kisha jua likayakoleza. Leza huvunja rangi iliyokwisha kujikusanya. Seli zinazoitengeneza hubaki na ukali wake. Ukitegemea leza peke yake, baka hurudi. Na ngozi yetu nyeusi, ikipata joto kupita kiasi, huweza kuacha weusi kushinda ule wa mwanzo. Hilo ndilo tunaloliogopa zaidi.

Kwanza, mkorogo uachwe, kwa vile vinavyoweza kuwemo: zebaki hudhuru figo, steroidi hukondesha ngozi, na haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, ikipakwa kwa miaka bila usimamizi huweza kuleta weusi wa kibuluu ambao kuutoa ni kazi kubwa. Liwa ya bibi zetu hatuikatazi, ila haikingi jua.

Kinga ya jua tunayopendelea ni ile yenye rangi, kwa sababu oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, nao huchochea melasma. Ipakwe kila asubuhi, hata siku ya mawingu. Joto nalo lina sehemu yake: mama anayechoma vitumbua alfajiri hadi saa tatu, tunazungumza naye pia habari ya jiko.

Hapo ndipo daktari huandika krimu. Mchanganyiko wa haidrokwinoni, tretinoini (dawa ya jamii ya vitamini A) na steroidi, uliotangazwa na madaktari wa ngozi Kligman na Willis mwaka 1975, bado ndio msingi, kwa wiki 8 hadi 12 chini ya uangalizi. Mjamzito hapewi huo. Kwake tunafikiria asidi ya azelaiki, dawa nyingine ya kupaka. Vidonge vya asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, husaidia wengine, lakini aliyewahi kuganda damu hatumpi.

Ngozi ikitulia, ndipo leza ya aina iitwayo Nd:YAG, yenye mwanga wa urefu wa wimbi wa nanomita 1064, kwa nguvu ndogo. Tunajaribu kwanza sehemu ndogo iliyojificha, tunasubiri wiki kadhaa. Kinga ya jua haisimami.

Ukija, beba vikopo vyote unavyopaka, hata kile kisicho na lebo. Hatutakugombeza.