Waliowapokea wajumbe wa 1958

Ndugu Mhariri,

Kiongozi wa kitaifa akija Tabora na kushika kipaza sauti, hachelewi kuufikia mwaka 1958. Anatukumbusha kwamba TANU, chama kilichopigania uhuru, ilikutana hapa Januari ile, Mwalimu Nyerere akawashawishi wajumbe wakubali kuingia kwenye uchaguzi wa kura tatu, moja kwa kila rangi, na ndiyo tukapata Uamuzi wa Busara. Tunapiga makofi, msafara unaondoka. Nimezaliwa hapa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, hotuba hiyo naisikia tangu shule ya msingi, wala sijamsikia hata mmoja akiuliza wajumbe wale walilala wapi.

Bibi yangu, mzaa mama, anajua. Alikuwa binti wa miaka 18. Baba yake aliwapisha wageni watatu chumba chenye vitanda vya kamba, Bibi na wadogo zake wakatandika jamvi jikoni. Ulikuwa msimu wa mvua, kuni mbichi, moshi mtupu. Asubuhi aliwapelekea uji na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Usiku wageni walirudi wakibishana mpaka chemli ikaisha mafuta. Mmoja alisema kuwapigia kura Mzungu na Mwasia kwa kulazimishwa ni kuubariki ubaguzi. Mwenzake akajibu kwamba wakisusa, viti watagawana wengine. Bibi hoja zote mbili anazo kichwani hadi leo, na atakuonyesha jinsi yule mkali alivyokuwa akigonga ukingo wa kitanda kila alipotaja neno "sharti".

Simpunguzii Mwalimu hata chembe. Tabora ilimjua mapema: alisoma hapa kuanzia 1937, akarudi 1946 kufundisha shule ya Mtakatifu Maria. Na jambo lililokuwa mbele yake lilikuwa zito. Kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na ili uwe mpiga kura ulihitaji kipato, elimu au cheo ambacho wengi hawakuwa nacho. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka TANU na kuanzisha chama chake. Mabishano ya namna hiyo hayakuishia ukumbini. Yalihamia kwenye nyumba zetu, yakasikilizwa na wasichana waliokuwa wakichochea moto, na sehemu hiyo haimo katika hotuba yoyote.

Kwa Mtemi Mirambo na Mtemi Isike, watawala wa Unyamwezi wa karne ya 19, tumeshachelewa. Aliyewaona kwa macho hayupo tena. Kwa 1958 bado tunao watu.

Ombi langu kwa madiwani na wabunge wetu halihitaji bajeti kubwa. Walimu wa historia wawatume wanafunzi wa sekondari, kata kwa kata, wakae na wazee na kuwarekodi kwa simu. Sauti hizo zitunzwe maktaba ya mkoa, kila moja na jina la mzee na mtaa wake. Na kiongozi ajaye, kabla hajapanda jukwaani, apelekwe kwanza kwa mzee mmoja, akae kwenye mkeka, asikilize.

Bibi yupo nyumbani kila siku. Macho yamefifia, sauti bado anayo, ila mchana hulala, kwa hiyo afadhali waje asubuhi. Wa rika lake mtaani kwetu walikuwa wanne mwaka jana. Sasa wamebaki wawili.

Msomaji wako,
Ng'ambo, Tabora