Bugari bila sombe

Ndugu yangu,

Jambo sana. Huku Goma tuko, mvua na matope tu. Usinikasirikie kama nimekawia kujibu, mega za internet ziliisha, na zile nilinunua jana zote zilikuliwa na albamu moja, njo hiyo nakuandikia.

Unakumbuka ile siku ya korali, wa gitaa la bezi hakufika, wa ngoma naye hakufika, ukabaki na kinanda chako ukakataa kabisa kupiga, eti kinanda peke yake ni bugari bila sombe, ugali bila mboga yake? Sasa nimepata mtu wa kukubishia. Anaitwa Laura Nyro, mwimbaji, mzaliwa wa Bronx kule New York, 1947, baba yake alikuwa anapiga tarumbeta na kazi yake ni kurekebisha sauti za piano za watu, wazia mtoto anakulia mu nyumba kama ile.

Tarehe 30 Mei 1971 akaingia Fillmore East, ukumbi wa kule kule New York wa watu zaidi ya 2,000, pale walizoea magitaa ya kelele, yeye akakaa ku piano akaanza kuimba, hakuna bezi, hakuna ngoma, hakuna mtu. Miaka 23! Na hapigi kama saa ya ukuta, ndugu. Anaenda mbio, anapunguza, anasimama katikati ya neno mpaka unafikiri amesahau, kumbe anavuta pumzi, halafu ule mkono wa kushoto unarudi. Wa ngoma angemfuata wapi? Angepotea mu njia. Nimerudia ile sehemu mara nne, bibi yangu akauliza kama telefone imekwama.

Nyimbo zake wengine walizichukua zikapanda, kundi la 5th Dimension walifika namba moja Marekani 1969 na ule wa harusi, Wedding Bell Blues. Wao walizipiga pasi. Mimi nazipenda na mikunjo yake. Ila kule juu kabisa sauti yake inachoma masikio, usiku uipunguze ju ya majirani.

Ukumbi ulifungwa mwezi uliofuata. Yeye alikufa 1997, kansa, miaka 49 tu, na hii albamu ikatoka 2004, makofi ya wale watu yote yamo.

Nimeiweka ku flashi, mdogo wangu anakuja Bukavu na boti Alhamisi, mfuate ku bandari. Na Jumapili wa bezi asipofika, uniandikie ulifanya nini.

Ni mimi, wa Birere