Mama Doto, nitafutie karatasi ya vioo huko Kariakoo

Mama Doto mwangaluka, hamjambo huko? Sie wazima, Tabora ipo palepale, joto la mwezi wa kumi si unalijua, maembe ndo yanaanza na mvua inatutania tu kwa mawingu halafu inaondoka zake. Najua nimekuwa kimya sana, usianze kunisema, simu ilizama kwenye ndoo namba zote zikapotea, yako nimeipata juzi kwa Shija kwenye msiba wa bibi yake Kapela. Amekonda yule Shija, ila hayo ya Shija nitakupigia, hayaandikiki. Leo nina shida moja na nimeamua niiandike ili ukifika dukani uwe nayo kwenye simu, maana nakujua, ukiingia Kariakoo unatoka na vyombo.

Shida yenyewe ni karatasi ya tinti, ile ya kubandika kwenye vioo vya gari. Ile Noah ya kaka ipo kwangu sasa, yeye kazi imempeleka Mpanda, kwa hiyo asubuhi na jioni mie ndo dereva wa wanafunzi, Salma, watoto wa jirani, na Zuhura wetu, huyu mwenye ualbino, ambaye tangu mama yake ahamie Kaliua anakaa na mimi. Sasa nimempeleka Zuhura kliniki ya ngozi, zile za kawaida za kumkagua, daktari akamwangalia weee, akageuza uso huku na huku, halafu akauliza huyu mtoto kwenye gari anakaa upande gani? Nikamwambia kushoto, ndo kiti chake hicho hata enzi za kaka, ukimtoa analia. Akanionyesha shavu la kushoto na mkono wa kushoto, madoa yamezidi upande ule. Mie siku zote nilijua mtoto akishaingia ndani ya gari kakingika, tunahangaika na kofia kubwa na mikono mirefu shuleni, losheni yake ya Kilisun ile inayotengenezwa kule KCMC Moshi hatukosi, tukiingia kwenye gari tunavua kofia tunapumua.

Kumbe bwana kioo cha mbele na vya pembeni ni vitu viwili tofauti. Cha mbele ni vioo viwili vimegandishwa na plastiki katikati, ndo maana kikipigwa jiwe kinapasuka bila kumwagika, na ile plastiki inazuia UV, ile miale ya jua isiyoonekana inayoharibu ngozi, karibu yote. Vya pembeni ni kioo kimoja tu. Hicho kinazuia ile UV inayounguza haraka ukaona wekundu, sasa ile nyingine, UVA, inapita sehemu kubwa tu na yenyewe ndo inaingia ndani ya ngozi polepole, huisikii. Na mawingu haiyajali sana. Daktari akanitolea kwenye simu picha ya dereva mmoja wa Marekani, mzee wa miaka 69, ameendesha gari la kusambaza mizigo miaka 28, wao usukani uko kushoto, basi shavu la kushoto limekunjamana limening'inia utadhani ni la baba yake, la kulia lina nafuu kubwa. Hiyo picha ilitoka kwenye jarida la madaktari mwaka 2012. Na yule ni mzungu wa kawaida tu Mama Doto, sio mwenye ualbino. Sikulala vizuri siku hiyo.

Kwa sasa nimening'iniza kanga dirishani upande wake. Ile yangu ya njano, "Mdhaniaye ndiye kumbe siye", na sikuichagua, ndo iliyokuwa juu kwenye kamba. Sasa Mama Asha kila tukipita pale kwake Ng'ambo anasoma, ameshamwambia mtu nimemwekea ujumbe kwenye gari. Mimi! Nina muda huo kweli? Halafu kanga yenyewe kioo kikishuka kidogo inapepea inamfunika mtoto mdomo. Nataka karatasi ya tinti, basi.

Nikaenda kwa fundi hapa mjini. Akaniambia 80,000 gari zima, nakupigia nyeusi tii mama, hata shetani hakuoni. Nikamuuliza inazuia UV? Akasema nyeusi inazuia kila kitu. Nikamuuliza boksi lake liko wapi nisome, akasema boksi walitupa. Hapo nikaondoka, na ndo ninapotaka unielewe vizuri, kwa sababu huko Kariakoo watakwambia hivyohivyo na wana maneno matamu kuliko huyu wa kwetu: WEUSI SIO KINGA. Weusi ni habari ya jicho tu. Kuna karatasi nyeupe kabisa unaona kama hakuna kitu na inazuia UV asilimia 99, na kuna nyeusi ya rangi tupu ambayo sijui inazuia nini zaidi ya majirani kuona umembeba nani. Hizo za rangi tupu ndo zile unaziona baada ya muda zinageuka zambarau na kufura mapovu, kama zile za hiace ya marehemu Mzee Masanja, unakumbuka tulivyokuwa tunazikwangua na ukucha mpaka anatufukuza.

Na joto nalo vilevile. Karibu nusu ya nguvu ya jua inayotufikia ni miale ya infraredi ambayo macho hayaioni hata kidogo, sasa utaizuiaje kwa rangi nyeusi? Ile nyeusi inachofanya inalinyonya jua, kioo chenyewe kinapata moto halafu joto lingine linaingia ndani taratibu. Ndo maana kuna karatasi za seramiki, nyepesi unaona vizuri nje lakini zinazuia joto kuliko nyeusi tii ya rangi. Bei yake sasa, ndo hapo. Kuna za kaboni, hizo za katikati, hazipaukipauki. Na kuna zenye unga wa chuma ndani, hizo usininunulie hata wakupunguzie, zinasumbua redio na simu, na njia ya Kaliua mtandao wenyewe unaujua unavyokuja na kuondoka.

Ukifika dukani omba boksi au ile karatasi ya maelezo. Utaona herufi VLT, hiyo ni mwanga unaopita, 5 ni giza, 70 ni nyeupe. Mimi nataka 70. Wakikucheka waache wacheke. Utaona TSER, hiyo ndo jumla ya nguvu ya jua inayokataliwa, ikiwa kubwa ndo nzuri, linganisha hiyo. Watakachokimbilia kukuonyesha ni infraredi asilimia 95 sijui 97, hiyo mara nyingi wamepima kipande kimoja tu cha miale kile wanachofanya vizuri, na watakuwekea ile taa ya moto nyuma ya kioo uweke mkono, uone maajabu. Taa sio jua. Mwambie asante nimeona, naomba TSER.

UV unaweza kuipima mwenyewe hapohapo na hapa ndo nakuomba usinione mshamba ufanye kweli. Chukua ile tochi ya zambarau ya kukagulia noti, mdogo wako si wakala, muazime. Imulike kwenye karatasi nyeupe ya fotokopi mahali penye kivuli, utaona inang'aa bluu. Sasa weka kipande cha tinti katikati ya tochi na karatasi. Kama ule mng'ao umekufa, hiyo inazuia. Kama karatasi bado inawaka kama disko, mrudishie mwenyewe na umtakie biashara njema. Sio kipimo cha maabara lakini muongo unamkamata. Nimeshafanya hivyo na vioo vya gari hili usiku, cha mbele karatasi haikung'aa kabisa, mlango wa mbele iling'aa vizuri tu, na hivi vyeusi vya nyuma vilivyokuja hivyo toka Japani viliipunguza ila bado unaiona. Kaka alikuwa ananibishia, eti Zuhura anakaa nyuma kwenye kioo cheusi tayari unahangaika nini. Nikamwambia njoo uone mwenyewe. Kimya mpaka leo.

Na ndo maana nasema 70 hata kwa nyuma. Hesabu yake ni ya kuzidisha. Tuseme kioo cha nyuma kinapitisha mwanga asilimia 20, ukibandika ya 50 juu yake inabaki 10, usiku kwenye barabara zetu hizi na ng'ombe na baiskeli za mkaa bila taa, nikirudi nyuma nitamgonga mtu. Ukibandika ya 70 inabaki 14, inavumilika. Zuhura macho yake nayo mwanga mkali unamuumiza, si unajua anavyofinya, kwa hiyo weusi wa Japani unamfaa, uache ubaki, mimi naongeza kinga tu. Vya mbele pembeni natoboa ukweli ni kwa ajili yangu, si unajua njia ya Urambo inaenda magharibi, kipindi cha kipupwe jua linakuwa kaskazini, yaani upande wa dereva mchana kutwa, mkono wangu wa kulia ulikuwa umeungua mpaka jirani ananiuliza umepaka nini. Na trafiki akinisimamisha anione uso, nimwone uso, tumalizane. Sitaki mambo ya kushusha kioo kila kizuizi nikijieleza mimi ni nani. Cha mbele sigusi, UV kinazuia chenyewe, joto la kuegesha nitaweka lile pazia la kung'aa.

Maana hilo nalo wasikudanganye, gari likishinda juani saa nne mpaka tisa hakuna tinti itakayolifanya friji. Litachelewa tu kupata moto na AC itawahi kupoza ukiwasha. Dashibodi hii imeshaanza kupasuka upande wa abiria, kaka alikuwa analiacha juani kama lori la tumbaku, sasa mimi nalisukuma chini ya mwembe, ambao nao msimu huu unaangusha embe kwenye bodi. Sijui lipi bora.

Vipimo: mita 5, ile ya upana wa mita 1.52, fundi mwingine wa huku Cheyo amepima na kuongeza ya kuharibika, kioo cha nyuma kabisa tumekiacha kwanza kwa sababu ya zile nyaya za kukaushia ukungu, nikipata hela nyingine tutaona. Huyu nimempenda, mtaratibu, ana chumba cha kufunga mlango vumbi lisiingie, na alinipigia hesabu bila kuniita bosi. Ameniambia akishabandika nisishushe vioo siku kadhaa, na nikiona vimaji au ukungu ukungu nisimpigie kelele, unakauka wenyewe. Watoto ndo sijui nitawafunga mikono na nini.

Naomba tu wasiikunje!! Ikikunjwa alama haitoki tena. Wakuzungushie kwenye bomba lake au utafute bomba la plastiki, funga na gazeti, weka kwenye basi, mwambie kondakta ni vioo asiulalie. Risiti ya mzigo nipigie picha. Na kabla hujalipa niambie bei, wakitaja seramiki ikanishinda basi chukua ile nyeupe ya UV tupu kwa upande wa Zuhura, joto tutalivumilia, tumezaliwa nalo. Hicho kimoja usiniangushe, ile ya kushoto nyuma lazima iwe ya kweli, hizo nyingine hata zikichelewa.

Eti, pale kwa yule kaka wa Gerezani aliyemuuzia Ramso taa bado mnaaminiana? Unaweza kwenda Jumamosi hii au mpaka mwisho wa mwezi? Hela nikutumie kwa namba hii au ile ya baba Doto? Huko mjini wenye magari wanaogopa nini siku hizi na trafiki, wamesema lolote kuhusu vioo? Doto amepona kile kikohozi? Kulwa anasoma au ndo mpira tu? Shija kasema mnakuja Desemba, ni kweli mnakuja na treni, niwaambie watu wa Isevya watengeneze chumba? Asali unataka ya nyuki wadogo au hii ya kawaida, maana ya nyuki wadogo inabidi niagize Sikonge mapema. Halafu sufuria yangu kubwa ya pilau bado iko kwa wifi yako au ndo imeshaolewa hukohuko?

Wabeja sana,
Mama Salma