Hesabu ya mahindi ifanywe kwa gunia

Ndugu Mhariri,

Wakulima wengi kandokando ya Lubumbashi hupima faida kwa pesa iliyo mfukoni siku ya kuuza. Hapo ndipo hesabu inapopotea. Mbegu na mbolea hununuliwa kwa dola mwezi wa 11, mahindi huuzwa kwa faranga mwezi wa 5: kila mnaponunua au kuuza, andikeni dola moja ni faranga ngapi siku ileile, ili yote yahesabiwe kwa dola. Ongezeni vibarua, usafiri, magunia matupu. Mahindi yaliyoliwa nyumbani pia ni mavuno, yahesabiwe. Tuseme hekta imekula dola 600, ikatoa magunia 40 ya kilo 50: kila gunia limegharimu dola 15. Kuliuza kwa 13 ili kulipa deni ni kula mtaji, na msimu ujao mbolea itapunguzwa.

Msomaji, Lubumbashi